Bampa la Gari la Kliniki

Nilipokuwa nikiishi Huruma, mtaa wa Nairobi, chumba kilichokuwa chini ya changu kilikuwa cha dereva mmoja mtu wa Kitui. Aliendesha gari la kliniki ya kutembea, gari la foo-wili, lile ambalo magurudumu yote manne huvuta. Kila Jumatatu alfajiri aliondoka na muuguzi na masanduku ya chanjo, wakaingia Ukambani mpaka kule ambako barabara huisha na kubaki njia za mbuzi, wakavuka mito ya mchanga, na kurudi siku ya Alhamisi wakiwa wekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi kandambili. Gari lililala kwenye kiwanja cha kanisa, lakini siku za kuliosha alilileta pale kwetu, akachota maji kwenye bomba la ploti na kuimba nyimbo za kwaya.

Mimi sikuwa na kazi ya kudumu, na sikuwa nikiitafuta kwa bidii. Shule niliiacha kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza; nilichoka kukaa mahali pamoja nikiangalia ubao. Tangu hapo nilikuwa nimebeba mizigo Gikomba, nikapaka nyumba chokaa, nikasukuma mkokoteni wa maji, nikawa utingo wa lori la kwenda Busia. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kazi inavyofanyika, kisha miguu ikaanza kuwasha. Wakati ninaousimulia nilikuwa Kariobangi, kwenye karakana za jua kali ziitwazo Light, kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma aliyetoka upande wa Kakamega. Sikuwa mwanagenzi wake hasa. Nilimshikia vyuma, nilimletea mitungi ya gesi, na nilimuuliza maswali. Yeye aliniita Wa Kwa Nini, na jina hilo likaenea jua kali nzima.

Alhamisi moja jioni nilimkuta dereva amechutama nyuma ya gari, haimbi. Ndoo ya maji ilikuwa pembeni, haijaguswa. Bampa la nyuma lilikuwa limekunjika, pembe ya kushoto imeingia chini ya gari.

"Tena?" nikamuuliza.

"Tena."

"Jiwe?"

"Si jiwe. Ni kule kutoka mtoni. Mbele inapanda, mkia unashuka, halafu unasikia kraa." Alipitisha kidole kwenye mkunjo. "Sista amesema hii ndiyo ya mwisho. Mkia ukirudi umevunjika mara nyingine, gari anampa dereva mwingine. Mimi narudi getini."

Sista ndivyo walivyomwita yule muuguzi, kama wauguzi wote wanavyoitwa. Na getini ni pale kwenye ofisi za kliniki, alikoanzia kazi kama mlinzi, akifungua na kufunga, miaka mingi kabla ya kupewa usukani.

"Getini sitalala njaa," akasema. "Lakini ndiko nilikotoka, kijana. Watoto wangu wanajua baba yao ni dereva."

Nilimwambia namjua fundi. Sikufikiri mara mbili. Kesho yake asubuhi tulikuwa Light.

Pale Light kulikuwa na desturi ambayo sikuiona mahali pengine. Mteja akija kununua geti, jiko au kitanda, kwanza alikiinua. Kikiinuka kwa urahisi alikirudisha chini bila kusema neno, akaenda kwa fundi wa pili. Kikimshinda, alitabasamu. Mafundi walilijua hilo, na wengine walijaza mchanga kwenye miguu ya vitanda kabla ya kuiziba. Baada ya kuinua, mteja aliomba nyundo na kukigonga, na majirani wote waliacha kazi zao wakasikiliza. Mlio ukiwa mzito, mtu alipiga kelele kutoka kibanda cha tatu, "Hiyo ni chuma, baba! Beba!"

Kwa hiyo dereva alipoeleza shida yake, fundi hakuuliza mengi. Alienda kwenye rundo la vyuma chakavu akachagua kipande cha chesisi ya lori, ule uti wa chini unaobeba gari, chuma kipana chenye kingo mbili, kizito kama dhambi. Tulikibeba wawili tukasimama njiani kupumzika. Alikikata kwa upana wa gari, akakichomelea miguu minene, na miguu hiyo akaifunga kwa bolti kwenye ncha za chesisi ya gari lenyewe. Halafu, kwa kuwa hakuamini bolti, akachomelea na juu yake.

"Jaribu kuinua," akamwambia dereva.

Dereva alishika, akavuta, gari lote likatikisika, bampa halikusogea. Akaomba nyundo. Akagonga. Karakana zikanyamaza, kisha kibanda cha tatu kikapiga yowe.

"Hapa hata kifaru akigonga," dereva akasema.

"Kifaru ataomba msamaha," fundi akasema. "Nyinyi Wakamba mnakula muthokoi na bado hamjui kutengeneza bampa."

"Na nyinyi mnakula ugali mpaka mnalala juu ya sahani."

Walipokwisha kucheka nikauliza, "Fundi, hiki kikigonga ardhi na kisipinde, ile nguvu inaenda wapi?"

"Inaenda kwa ardhi, Wa Kwa Nini. Ardhi ni kubwa, itavumilia."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Jibu lilinitosha.

Wiki iliyofuata, Ijumaa, gari liliingia Light polepole, nyuma likiwa limefungwa kwa kamba ya katani. Fundi alizima mashine, akainua miwani yake myeusi. Bampa halikuwa na hata mchubuko. Rangi yake tuliyopaka ilikuwa bado inang'aa. Lakini mkia mzima wa gari ulikuwa umeinama upande mmoja. Zile ncha za chesisi zilizoshika bampa zilikuwa zimepinda, zikavuta na fremu ya mlango, na milango ya nyuma haikukutana tena. Kati yake ulibaki mwanya ambao mkono ungepita.

Dereva alitueleza akiwa amekaa kwenye usukani, hakushuka. Walitoka kwenye mto wa mchanga, mkia ukagonga ukingo, na bampa likakataa kupinda. Basi kilichokuwa nyuma ya bampa ndicho kilichopinda. Mbele kidogo mlango ukafunguka wenyewe, na sanduku la barafu la chanjo likaanguka njiani. Lilipasuka. Kulikuwa na akina mama waliokuwa wametembea tangu usiku kuja kuchanjisha watoto wao, na wote walirudi makwao hivyo hivyo. Sista alipanda nyuma, akajilaza mlangoni juu ya lile bampa, akaishika kamba kwa mikono yake mpaka Nairobi, ili masanduku mengine yasianguke.

"Alisema nini?" fundi akauliza.

"Hakusema kitu. Hapo ndipo niliogopa."

Fundi alizunguka gari mara kadhaa. Aligonga bampa kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mtu aliyemkosea.

Siku ileile, kabla ya saa sita, sista alikuja mwenyewe. Alikuwa mama mfupi, mpana, mwenye viatu vya raba na mwavuli ambao hakuufungua. Alipita katikati ya moshi na cheche bila kuinua sketi. Fundi alifuta kigoda kwa aproni yake, sista hakukikalia.

"Nani alitengeneza hiki kitanda?" akauliza.

"Ni bampa, sista," fundi akasema.

"Nimelala juu yake kutoka Kitui. Nakijua kuliko wewe."

Sista alimtazama dereva, kisha akamtazama fundi, kisha akanitazama mimi, ambaye hakunifahamu.

"Nasafiri Jumatatu," akasema. "Gari likiwa limetengenezwa na mimi nimeridhika, ataendesha huyu. Nisiporidhika, ataendesha mwingine, na huyu atanifungulia geti nikitoka. Nimemaliza."

Hata hivyo hakuondoka. Alisimama pale akiangalia, na naamini alikuwa anataka kujua, kama sisi, iwapo lingetengenezeka.

Kuling'oa lile bampa kulikuwa kazi zaidi kuliko kulifunga. Fundi alijilaumu kwa sauti kila alipofika mahali alipochomelea juu ya bolti. Likatoka, likaanguka chini na mlio ule mzuri, na safari hii kibanda cha tatu hakikusema lolote. Kisha tukaanza kuinyoosha chesisi kwa jeki, mnyororo na moto, kidogo kidogo, tukifunga mlango na kuufungua, mpaka milango ikakutana ikashika.

Sista alipoona milango imeshika ndipo alipokaa kwenye kigoda.

"Sasa," fundi akasema. Alichukua ufito wa chuma, akaweka ncha moja pale tairi la nyuma lilipogusa ardhi, na ncha nyingine akailaza mahali bampa lilipokuwa. "Ukingo wa mto ukiwa umesimama wima kuliko huu ufito, mkia unagonga. Tukipandisha bampa juu, ufito nao unapanda. Nitaweka paipu nyepesi hapa juu, pembe zake nizikate mshazari. Ardhi haitaifikia."

Aliweka mkono kuonyesha juu ni wapi. Palikuwa usawa wa paja lake. Dereva aliangalia ule ufito, akatikisa kichwa kukubali. Nami niliuona wazi. Nilishangaa kwamba hatukuliweka bampa pale tangu mwanzo.

"Na mama mjamzito atakanyaga wapi?" sista akauliza.

Tukageuka.

"Bampa ndilo ngazi yangu," akasema. "Wanakanyaga hapo, wanashika hapa, wanaingia. Kuna bibi mmoja ana goti limevimba hivi. Umpandishie bampa mpaka pajani, atapandaje? Tumrushe kama gunia?"

"Tutaweka ngazi ndogo ndani, ya kutoa na kurudisha," fundi akasema.

"Ilikuwako," dereva akasema kwa sauti ndogo. "Tuliisahau mtoni."

"Uliisahau mtoni," sista akasema.

Bampa likiwa chini, ardhi inalivunja. Likiwa juu, wagonjwa hawapandi. Likiwa la chuma kisichovunjika, linavunja gari. Fundi alikwaruza ardhi kwa ule ufito, akachora kitu, akakifuta kwa kiatu.

Ng'ambo ya kijia chetu alikaa mzee mshona akala, zile kandambili za mpira wa tairi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno hayo mara nyingi yalikuwa ya kudai tumwondolee moshi. Alikuwa amesikia yote, kwa sababu pale Light hakuna ambalo halisikiki. Kisu chake kilikuwa kwenye kopo la maji, na mkononi alikuwa na ukanda wa tairi aliokuwa ameukata muda si mrefu.

"Kwani ni lazima ikuwe chuma?" akauliza.

"Ni gari, mzee," fundi akasema. "Si kiatu."

Mzee aliukunja ule ukanda mpaka ncha zikakutana, akauachia. Ulirudi ukapiga paa kwenye goti lake, ukanyooka kama mwanzo. Akaukunja tena, akauachia tena. Akarudi kukata.

Niliona fundi akimwangalia, kisha akiangalia gari, kisha akimwangalia tena. Akavuka kijia, akachutama mbele ya mzee. Walizungumza kwa muda. Waliporudi pamoja walikuwa wanabishana kuhusu unene, jambo ambalo kwangu lilikuwa dalili nzuri.

Walifanya hivi. Paipu nyepesi ilikaa juu kama fundi alivyotaka, pembe zimekatwa mshazari. Chini yake, katikati, walining'iniza kidaraja cha ubao mgumu uliofungwa bati, kimeshikwa na mikanda minene ya tairi la lori, miwili kila upande, imepigwa bolti. Ukikanyaga kutoka juu, mikanda ilikaza na kidaraja kikatulia. Ukikisukuma kutoka nyuma kwa mguu, kilijikunja kikaingia chini ya gari, na ukikiachia kikarudi. Na chini ya kila pembe ya gari fundi aliweka jani la springi kuukuu alilolitoa kwenye pikapu iliyokufa, limepinda kama mguu wa kiti cha kubembea, ili pembe ikigusa ardhi iteleze badala ya kuchimba.

Sista alipanda, akashuka. Alipanda tena, safari hii akijifanya ana goti bovu, akiugulia, mpaka dereva akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mimi nina uzito wa akina mama wawili," akasema. "Kimenibeba."

Lakini wateja wa Light waliopita pale hawakuona hivyo. Mmoja alilishika lile bampa, akajaribu kuliinua, akalicheka.

"Fundi, hii bampa iko na njaa."

"Imevaa akala," mwingine akasema. "Itaenda kwa miguu."

Fundi, ambaye kwa miaka alikuwa ameuza vitu kwa uzito wake, aliniambia nichukue gunia nilifunike. Nililifunika. Nilimwona anaona aibu, na nilimwona vilevile akichungulia chini ya gunia kila alipopita.

Tatizo lilikuwa moja. Hakuna aliyejua kama lingefanya kazi, na sista alikuwa amekwisha kuonja matumaini ya Light mara moja.

"Sitasubiri Kitui kujua," akasema. "Hakuna mahali hapa karibu pa kulijaribu?"

Nilijua mahali. Ng'ambo ya Kayole kulikuwa na machimbo ya mawe yaliyoachwa, mashimo mapana yenye kingo, na njia ambazo malori yalikuwa yakipandia. Nilikuwa nimevunja kokoto kule msimu mmoja. Nikasema pia kwamba tupake chokaa chini ya bampa, chini ya zile springi na chini ya kidaraja, tukitoka shimoni tutazame chokaa imetoka wapi. Kazi ya kupaka chokaa ilikuwa imenifundisha hilo: ukiigusa kidogo tu, inaonyesha.

"Leo Wa Kwa Nini ameleta jibu," fundi akasema. "Andikeni."

Jumamosi tukaenda. Sista alikaa mbele na dereva, fundi nami tukakaa nyuma kwenye mabenchi ya wagonjwa, tukijishika. Dereva alikuwa amevaa shati la kanisani. Hakuimba.

Alichagua njia iliyosimama, akateremka mpaka chini ya shimo, akageuza, akaanza kupanda. Mbele ikainuka mpaka tukaona anga tupu kupitia kioo. Kisha nyuma, upande wa kushoto, tukasikia sauti ndefu ya chuma kikiburuzwa. Gari likatoka juu, likasimama.

Wote wanne tulishuka tukachutama, sista naye, sketi yake kwenye vumbi. Chini ya pembe ya kushoto chokaa ilikuwa imekwanguliwa yote, na springi ilikuwa imeng'aa. Lakini haikuwa imepinda, na paipu ilikuwa nzima. Kidaraja kilikuwa kimegusa, kikajikunja, kikarudi. Fundi alifungua milango ya nyuma, akaifunga. Ikashika.

"Basi, limefanya kazi," dereva akasema. Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda.

Mimi nilikuwa nikiangalia kulia. Kule chokaa ilikuwa nyeupe kama tulivyoipaka.

"Kwa nini kushoto tu?" nikauliza.

"Kulikuwa na mawe kushoto."

"Rudi uingilie pale kwingine," sista akasema.

Akaingilia kwingine, mahali palipokuwa na udongo mtupu. Sauti ileile, pembe ileile.

"Mawe yanakufuata?" sista akamuuliza.

Nikakumbuka kwamba bampa la kwanza nalo lilikuwa limekunjika kushoto. Sista akaniambia nishuke nisimame nje, nimtazame dereva akipanda tena. Nikasimama kando ya njia. Niliona gari likifika chini ya ukingo, na kabla halijaanza kupanda dereva aligeuza usukani kidogo kushoto, akatoa kichwa dirishani kuangalia gurudumu lake la kulia. Gurudumu hilo lilipanda kwanza, peke yake. Gari likalala upande, na kona ya nyuma ya kushoto ikashuka chini kuliko mahali pengine pote. Hapo ndipo ilipogusa.

Nilimwambia nilivyoona. Nilimwambia vibaya, nadhani, mbele ya watu, kwa furaha ya kugundua kitu.

"Wewe!" akasema. Alishuka garini. "Wewe unajua kuendesha? Umeendesha nini maishani? Mkokoteni!"

Fundi alikohoa ili asicheke.

"Mkokoteni nimeuendesha, mzee," nikasema. "Ukiupandisha ukingoni kwa gurudumu moja, maji yanamwagikia upande wa pili."

Nilidhani angenipiga. Badala yake aliegemea mlango wa gari, akamwambia sista, si mimi, "Nilifundishwa kwa malori ya mchanga. Machakos, mtoni. Lori lile ukikaa ndani huoni mbele ikishapanda. Aliyenifundisha alinipiga kofi kila nilipokosa kutoa kichwa kuangalia gurudumu. Alisema dereva asiyeona gurudumu lake ni abiria."

"Sasa si lori," sista akasema.

"Najua si lori. Lakini nikienda moja kwa moja sioni kitu, sista. Naona mbingu. Siwezi kuweka gari mahali nisipopaona, na wewe uko ndani."

Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, na hakuna springi wala mpira uliokuwa umelifikia. Bampa lingeteleza mara moja, mara kumi, kisha siku moja lingekutana na ukingo mrefu zaidi na kona ileile ya kushoto ingelipa. Sista alilielewa hilo kabla yetu. Nilimwona akifikiri, amekunja midomo, akichora kwenye vumbi kwa ncha ya mwavuli.

"Kijana, panda pale juu," akaniambia. "Simama katikati ya njia, mahali gari litatokea. Muonyeshe kwa mikono. Wewe," akamgeukia dereva, "toa kichwa ndani. Mtazame yeye. Usitazame gurudumu."

"Huyu?" dereva akasema.

"Huyu. Na mimi nitakuwa ndani."

Akaingia, akafunga mlango wake. Fundi akaipaka springi ya kushoto chokaa upya, na dereva naye akaingia.

Nilisimama juu. Nililiona paa la gari, kisha boneti, kisha likaja likinielekea likiwa limeinua pua. Nilinyoosha mikono yote miwili mbele, sawa, kama tulivyokuwa tukimwongoza dereva wa lori la Busia kurudi nyuma sokoni. Uso wa dereva ulitokea nyuma ya kioo, macho yamenikazia, mdomo umefungwa. Niliona mabega yake yakitaka kuvuta usukani kushoto. Nilitikisa kichwa. Akauacha ulivyo. Magurudumu yote mawili ya mbele yalipanda ukingo kwa pamoja, gari likanyooka, nami nikaruka kando.

Tukachutama tena. Kidaraja kilikuwa kimegusa udongo kidogo katikati. Springi zote mbili zilikuwa na chokaa yake, kushoto na kulia, nyeupe. Dereva alilala chali chini ya gari akazitazama mwenyewe, akapitisha kidole kwenye ile ya kushoto, akatoka na ncha ya kidole nyeupe.

"Kila mto," sista akasema, "mtu atashuka kwanza, asimame juu, akuonyeshe."

"Mtu gani, sista? Tuko wawili tu."

"Mimi ndiye mtu. Una lingine?"

"Sina."

"Na mlango unafungika?"

"Unafungika."

"Basi Jumatatu usinikawize. Wale wa chanjo iliyomwagika tutaanza na wao."

Fundi alipanda nyuma akijifuta mikono, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba atatengeneza springi nyingine kama zile aziweke mbele ya kibanda wateja wazione, na kama mtu yeyote akizicheka atampeleka Kayole. Alizungumza habari hiyo njia nzima.

Mbele, sista alikuwa amelala. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo, mwavuli umelala kwenye mapaja. Dereva alikwepa mashimo moja moja. Tulipofika kwenye matuta ya barabara ya Outering alipunguza mwendo, akakaza mikono, na kila tuta akalipanda polepole, moja kwa moja, magurudumu mawili ya mbele kwa pamoja.